Wenye Viti Waje Pia

Kwenye sherehe ya kuwaaga viranja wa kidato cha nne nilipewa maikrofoni niseme maneno machache kwa nyinyi mnaobaki. Nilivuta mikono ya sweta, nikasema "Asanteni," nikaketi. Mlipiga makofi sana, nafikiri kwa sababu kiranja wa maakuli, aliyenitangulia, alikuwa amehutubu muda unaotosha kuivisha maharagwe. Lakini Mwalimu Nyaga alipopita karibu na kiti changu aliniinamia akasema, "Wawira, kazi yako haikuwa fupi hivyo." Basi haya ndiyo maneno yangu machache. Nayaandika kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Sasa nimestaafu. Chekeni tu, mtu kustaafu kabla hajapata kitambulisho. Lakini tangu kidato cha pili nimefanya kazi moja, kutunza ule ubao wa ufadhili wenye kioo nje ya maktaba, na mtu aliyekaa kwenye kazi moja ana haki ya kuwachosha wadogo wake kidogo. Habari za beji na cheo nitaziruka. Beji yenyewe pini yake ilivunjika mapema, nikawa naibandika kwa selotepu.

Kazi niliipata kwa sababu ya aibu. Wakati wa mapumziko ukisimama peke yako uwanjani, watu huja kukuuliza una nini. Ukisimama peke yako mbele ya ubao, unasoma, na hakuna mtu humsumbua anayesoma. Kwa hivyo kidato cha kwanza chote nilikula mandazi yangu mbele ya ubao. Siku moja Mwalimu Nyaga, anayetufundisha Jiografia na kusimamia ushauri wa masomo, akanikuta hapo.

"Unatafuta nini?"

"Hakuna, mwalimu."

"Hilo tangazo la bluu linasema nini?"

Hakuwa na miwani. "Lilifungwa zamani, mwalimu."

"Na hilo la chini yake?"

"Ni la wavulana."

Aliutazama ubao kama mtu aliyegundua kuku wake wote ni majogoo. "Kwa hivyo hapa hakuna kitu."

"Kiko kimoja. Lakini kimefunikwa na ratiba ya netiboli."

Kesho yake akanipa ufunguo wa kioo.

Siku ya kwanza kazini sikubandika chochote. Nilibandua. Mwalimu alikaa kwenye ngazi za maktaba akaniambia nimsomee kila tangazo, lakini kutoka chini. Nilidhani anatania. Alikuwa anamaanisha. Juu ya tangazo, alisema, mna picha ya msichana anacheka na maneno kama "ndoto" na "kesho yako." Chini ndiko wameandika nani anaruhusiwa, anatakiwa kuleta nini, na mlango unafungwa lini. "Ukianzia juu unaingiwa na furaha, na mwenye furaha hasomi vizuri." Mpaka leo nasoma kila kitu kutoka chini, hata barua za nyumbani. Mama huweka salamu juu na matatizo chini, kwa hivyo nakutana na matatizo kwanza halafu salamu zinanipoza.

Vyombo vya kazi ni hivi: ufunguo, pini za kubandikia, kalamu nene nyekundu, na kompyuta ya karani wakati wa chakula cha mchana, karani akiwa na moyo mzuri. Moyo wake huwa mzuri ukimkuta ameshakula. Kalamu nyekundu ni ya kuandika siku ya mwisho kwa herufi kubwa. Tangazo likishafungwa, litoe siku hiyohiyo. Ubao wenye vitu vilivyokufa unawafundisha watu kutoutazama.

Mtaletewa pia matangazo ya kwenye simu. Mzazi ametumiwa na shangazi, shangazi ametumiwa na kikundi cha kanisa, na kila aliyetuma ameongeza "Mungu ni mwema." Mengine ni ya kweli. Ufadhili ukikuomba utume kitu kidogo kwanza ili ufunguliwe mlango, huo si ufadhili, ni bucha, na nyama ni wewe.

Jambo ambalo sikuliweza ni kutangaza paredi. Nilijaribu mara moja, sauti ikabaki kwenye shati. Ndipo Kendi akawa mdomo wangu. Kendi ni wa darasa letu, mtu wa Maua kule Meru, na sauti yake ilikomaa kwa kushindana na magari ya miraa. Nilikuwa namwandikia sentensi mbili, yeye anazigeuza kuwa mahubiri. "Nyinyi watu wa kidato cha pili! Mnalala na pesa za bure ziko kwa kioo! Wawira amewaandikia na red, mnataka awaandikie na damu?" Watu walikuwa wanakimbilia ubaoni, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji.

Kendi huyohuyo ndiye alinifundisha habari ya tuzo. Kulikuwa na shindano la insha kuhusu kazi inayofanywa kwenu. Akaandika, akaniletea nipeleke kwa Mwalimu Nyaga. Ilianza na jogoo kuwika, jua likachomoza likitabasamu, ndege wakaimba nyimbo za kumsifu Maulana, halafu methali zikaingia kama watu wa harusi. Mnajua jinsi tunavyofundishwa. Mwalimu aliisoma, akaiweka mezani.

"Kendi, baba yako hufanya kazi gani?"

"Anafunga miraa, mwalimu."

"Jogoo akiwika, miraa iko wapi?"

"Ai, mwalimu! Jogoo akiwika gari limeshapita Embu."

"Sasa huyu jogoo anamwamsha nani?"

Kendi alicheka mpaka akakaa chini. Akaandika upya: mashina ya migomba yanavyochanwa ili kuufunika mzigo usikauke, wanaume wanavyofunga bila kuongea kwa sababu kila dakika majani yananyauka, na dereva anavyokunywa chai akiwa amesimama, injini inanguruma. Hakuna ndege hata mmoja aliyeimba. Alirudi na tuzo ya pili na kamusi nzito ambayo tulitumia kuzuia mlango wa bweni. Msiwape wasahihishaji jogoo. Wamesoma majogoo wengi tangu asubuhi.

Na majina yenu yatazameni mapema. Huku kwetu mtoto ana jina la nyanya yake, jina la ubatizo, jina la baba, na jina ambalo mama yake hutumia akiwa amekasirika, na kila cheti kimechagua mawili kikaacha mengine. Usingoje wiki ya mwisho ndiyo ujue kwamba serikalini wewe ni watu wawili.

Sasa nifike kwenye mambo yaliyoninyima usingizi.

Kuna wakfu mmoja wa Nairobi ambao huchukua wasichana wa kidato cha pili wanaofanya vizuri sayansi lakini nyumbani hali ni ngumu. Ukichukuliwa unalipiwa mpaka umalize, na sare unapewa. Kwanza unaandika, halafu unahojiwa, halafu mwisho wanakuja kwenu nyumbani kuona. Hiyo ya mwisho ndiyo tuliidhani rahisi. Nyumbani hakuna mtihani, si ndiyo?

Wanja wa kwetu darasani, mtoto wa kule Gachoka, alipita kuandika, akapita kuhojiwa. Nyumbani kwao ni pakavu, mvua ikikosea wanakula muthokoi wa mahindi ya mwaka jana. Tulijua amepata. Kisha jibu likaja: familia inajiweza. Mwalimu Nyaga alilisoma juu chini na chini juu. Wanja akatuambia siku ile ilivyokuwa, na hakutuambia kama mtu anayelalamika. Alikuwa anawasifu watu wake. Watu wa kwao waliposikia wageni wanatoka Nairobi, walisimama naye. Huyu alileta sofa na vitambaa vyake. Yule alileta televisheni. Mjomba aliegesha pikapu yake uani ili boma lionekane lina watu. Mbuzi alichinjwa. Halafu majirani wakajiondoa wasisonge wageni, kwa sababu hao walikuwa wageni wa ofisi.

"Waliuliza vitu ni vya nani?" Mwalimu akamuuliza.

"Hawakuuliza, mwalimu. Ni nani huuliza kiti ni cha nani?"

Halafu ndipo akaelewa. Niliona uso wake ukielewa, na sitaki kuona hivyo tena. "Sofa ilirudi kwa wenyewe hata kabla gari lao halijafika lami," akasema. Muhula uliofuata alihamia shule ya kutwa ya karibu na kwao. Tunasalimiana kwenye michezo. Bado ananipenda, na hilo ndilo linanisumbua.

Mimi na Mwalimu tukaamua kuwaambia wazazi: wageni wakija, msiazime kitu. Mwalimu aliwaambia siku ya wazazi, akaeleza vizuri, wakaitikia kwa vichwa. Familia moja, ambayo sitaitaja, ilielewa kupita kiasi. Wageni wa ufadhili mwingine walipokuja, walimpeleka ng'ombe wao wa maziwa akajifiche kwa jirani. Watu wakawa wamekaa wanyonge, chai ya rangi mezani, mama anaeleza shida. Saa ya kukamua ikafika. Ng'ombe hana habari za ufadhili. Akavunja uzio, akaja mpaka dirishani akalia. Wageni wakanywa chai yao ya rangi wakimtazama.

Kwa hivyo tukawa tumekosea pande zote mbili.

Mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha tatu, ikawa zamu ya Mukami. Wengi wenu mnamjua, ni yule huwaeleza wenzake Kemia hata kwenye foleni ya uji. Anatoka Manyatta kama mimi, analelewa na cucu yake, yaani nyanya, wakiwa peke yao wawili. Muhula huo alikuwa ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo mpaka walimu wakazoea kumrukia jina. Binamu yake alikuwa amemtafutia nafasi kwenye saluni Embu mjini. Asipochukuliwa na wakfu, likizo ikiisha anaenda kusuka nywele. "Kusuka si kazi mbaya," aliniambia, "lakini kichwa cha mtu hakina atomu." Kinazo, lakini nilijua anachosema.

Aliandika, akahojiwa, akapita. Ikabaki nyumbani.

Mwalimu Nyaga akanituma nikaongee na cucu, kwa vile ni jirani. Niliomba nimwandikie. Akasema cucu hasomi Kiswahili cha aibu. Jumamosi nikaenda na Mukami. Cucu alikuwa amekaa kwenye gunia anapukuchua mahindi, na alizungumza Kiembu, ninyi mtasoma kwa Kiswahili changu.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Njagi, cucu. Kule chini mtoni."

"Njagi wa pikipiki au Njagi wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe."

"Basi keti. Wa pikipiki ningekupa hindi upukuchue umesimama."

Nilisema niliyotumwa. Nilisema nikitazama mahindi. Kwamba wageni wakija asiazime viti, asiazime vikombe, nyumba ikae ilivyo. Mkono wake ukasimama.

"Nimpe mgeni chai kwa kikombe cha plastiki?"

"Ndiyo, cucu."

"Akae kwa ndoo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwambie mwalimu wako," akasema, bila kupaza sauti, "kwamba mimi nimezika mume katika boma hili, na waliokuja wote walikaa. Mvua ilinyesha na walikaa. Sijawahi kumwonyesha mgeni umaskini kama mtu anayeuza. Kama hiyo ndiyo karo, mtoto akasuke."

"Cucu!" Mukami akalia.

"Cucu nini? Nimesema akasuke."

Nilitaka ardhi inimeze. Hata nilisimama niende. Lakini Mukami alikuwa ameshika ncha ya sweta yake, ile iliyokuwa imefumwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, na nikamkumbuka Wanja. Nikauliza kitu cha kijinga ili tu nisiondoke. Niliuliza siku ya mazishi ya babu viti vilitoka wapi.

Cucu alinitazama kana kwamba nimeuliza maji ya mto hutoka wapi. "Vya Mama Njeru. Kwani viti vyake ni vya nini? Na yeye akiozesha, sufuria ni zangu. Meza ni ya Ireri. Hapa kijijini, mtoto wa Njagi, hakuna nyumba yenye vitu vyote. Viti viko huku, vikombe viko kule. Mgeni akija ndipo vinakutana."

"Na wenyewe hukaa wapi?"

"Wenyewe nani?"

"Wenye viti. Siku ya mazishi."

"Si hukaa kwa viti! Mtu alete kiti halafu asije?"

"Lakini wageni wa ofisi wakija, wenye viti hawaji."

Akafikiri. Akarudi kwenye hindi lake. "Hao huwa tunawaachia nafasi. Watu wa ofisi hawapendi watu wengi."

Nikasema, na sijui nilipata wapi, "Cucu, azima vyote. Lakini wenye viti waje pia."

Alipukuchua hindi zima. Halafu akamwambia Mukami, "Nenda umwambie Mama Njeru avae ile leso ya kijani, asije kuniaibisha na ile ya kuchumia kahawa." Nikajua tumeelewana.

Wageni walikuja siku za likizo fupi. Mwalimu Nyaga alikuwa na timu ya mpira Meru mjini, akaniambia niwangoje barabarani niwaonyeshe njia. Walikuwa wawili: mama wa makamo aliyeitwa Bi. Mwende, mpole lakini mwenye haraka, na afisa kijana mwenye tableti. Njia nzima walinisemesha, nikawa najibu "Ndiyo" hata pale palipohitaji "Hapana."

Nyumba ya cucu ni ya mbao, chumba kimoja cha mbele na kimoja cha kulala. Siku hiyo ilikuwa imependeza mpaka nikaogopa. Viti vya mito vilizunguka ukuta vikiwa na vitambaa vya kufuma. Meza ina nduma, ndizi na mukimo. Vikombe vya kauri vyenye maua. Themosi mbili kubwa zinang'aa. Na wenyewe wamekaa, kimya, mikono kwenye mapaja, kama watu wanaopigwa picha. Afisa kijana hakungoja. Nilimwona anatazama kiti, kidole kinagusa tableti. Anatazama meza, kidole. Themosi, kidole.

Mzee Ireri aliomba, akaomba tena, akasema Amina. Bi. Mwende akatabasamu. "Asanteni sana kwa makaribisho haya. Tumeshaona. Hatutakaa, tuna nyumba nyingine mbele, kwa hivyo hata chai tutaomba msamaha. Nitamuuliza tu cucu mambo mawili, twende."

Mgeni akisema anaenda, huwezi kumshika nguo. Mama Njeru alimtazama cucu, cucu akanitazama mimi. Mukami alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa.

Nikasimama. Nikasikia mtu anasema, "Utambulisho bado."

Alikuwa mimi. Wote wakageuka. Masikio yangu yalikuwa yanawaka, lakini nikasema tena, kwa sababu nilishasimama na kukaa kungekuwa aibu zaidi. "Watu hawajatambulishwa. Huku hatuanzi bila utambulisho."

Na mnajua, hapa Kenya unaweza kukataa chai, lakini utambulisho haukataliwi. Bi. Mwende akarudi kwenye kiti. "Pole sana, cucu. Tutambulishe."

Cucu akainuka polepole, akajifunga leso vizuri. Mimi nikawa nageuza Kiembu chake kwa Kiswahili, sauti ikitoka yote.

"Huyu ni Mama Njeru. Viti mnavyokalia ni vyake. Alivibeba jana kwa mkokoteni."

"Kimoja hakina mto, nimeweka gunia ndani," akasema Mama Njeru. "Ni hicho chako, kijana. Pole."

Afisa kijana akasogea kidogo.

"Huyu ni Ireri. Meza."

"Mguu wa dirishani nimeupiga msumari," akasema Mzee Ireri. "Msiiegemee sana. Mkiiegemea, si mimi."

"Huyu anaweka vikombe vya akina mama wa kanisa. Vinarudi leo, kesho kuna ubatizo. Na huyu ni Mama Hadija, mumewe ana bucha pale sokoni. Themosi ni zake. Ameacha kuuza akaja."

"Nimekuja kulinda themosi zangu," Mama Hadija akasema. "Mara ya mwisho nilipowaazima watu wa harusi zilirudi zinanuka supu." Watu wakacheka, hata Bi. Mwende. Sasa nyumba ikawa na pumzi.

Bi. Mwende akazunguka kwa macho, kiti, kitambaa, kikombe. Akauliza kwa upole, "Na hapa, cucu, chako ni kipi?"

Cucu hakufikiri. "Nyinyi," akasema. "Wageni ni wangu."

Nikaligeuza hilo kwa Kiswahili. Bi. Mwende akaweka mkoba chini. "Basi tutakunywa chai," akasema.

Walikunywa, wakala nduma. Baadaye Bi. Mwende akaomba aone jikoni, akaona mawe matatu na kikombe kile cha plastiki kikining'inia msumarini, na vitabu vya Mukami kwenye katoni iliyofungwa kwa nailoni ili moshi usivifikie. Walipokuwa wanatoka, wenye vitu walishaanza kuondoa, maana mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani. Bi. Mwende alisimama karibu na gari akatazama viti vikipanda mkokoteni, meza ikipita na Mzee Ireri chini yake, themosi zikienda sokoni zimekumbatiwa. Mpaka nyumba ikabaki na ndoo. Afisa kijana alikuwa ameinamia tableti, kidole kikifuta na kufuta.

Jibu lilikuja muhula ulipoanza. Mukami hakuenda saluni. Mwalimu Nyaga alinipa nilisome mimi kwanza, nikalisoma kutoka chini, halafu nikakimbia mpaka kwenye foleni ya uji. Sikuweza kusema. Nilimwonyesha tu.

Tangu hapo, familia ikingojea wageni, tunawaambia hivyohivyo. Pokeeni watu kama mnavyopokea. Msifiche ng'ombe. Azimeni mnachotaka, lakini mwenyewe aje akae, na atajwe. Si kila mmoja amechukuliwa. Wengine wamekosa na nimewaona wakifungasha. Lakini hakuna tena aliyekosa kwa sababu watu wake walimpenda kimyakimya.

Ningependa kumalizia hapa kwa maneno ya hekima, lakini Mukami yuko mlangoni mwa darasa, sasa ni wa kidato cha tatu na ana mdomo.

"Wawira, unaandika ama unazaa? Nataka sweta yangu. Kuna baridi."

Basi niisahihishe ile hotuba yangu. Ufunguo ni wa shule. Kusoma kutoka chini ni kwa Mwalimu Nyaga. Sauti mliyokuwa mnaisikia paredi ni ya Kendi. Somo tulilolipata kwa uchungu ni la Wanja, na viti ni vya Mama Njeru. Na sweta niliyovaa siku ile nikisema "Asanteni," ile mliyosema imenipendeza, si yangu. Yangu imetoboka viwiko. Hii ilitoka kwa wakfu, na mwenyewe ndiye huyu hapa amenyoosha mkono.